Barafu ya Wodi ya Wazungu

Jumatano ile madaftari kumi na tisa yalirudi kwa wenyewe, la ishirini halikurudi. Kokushubila aliyapitia kwa macho mara mbili, akitumaini labda lake limetumbukia katikati ya madaftari ya wenzake. Kisha akaliona. Lilikuwa mezani kwa Sista Ashby, na Sista alikuwa akilipapasa jalada taratibu huku akitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtia Kokushubila hofu.

Sista Ashby alikuwa mkufunzi wa wanafunzi wa unesi, na usista wake ulikuwa wa cheo cha hospitali, si wa utawa. Alikuwa na miezi mitano tu tangu ashuke melini kutoka kwao Uingereza, na tayari alikwisha kufanya mambo yasiyopata kufanywa pale hospitalini. Aliwaita wanafunzi kwa majina yao ya nyumbani. Aliyatamka vibaya, lakini aliyatamka. Na majuma mawili nyuma aliwapa kazi ya ajabu: kila mmoja aandike, kwa Kiingereza, jambo lililompata yeye mwenyewe kazini kwa sababu ya rangi, yake au ya mgonjwa.

"Vitabu mnavyosoma," aliwaambia, "vimeandikwa na watu ambao hawajafanya kazi katika hospitali yenye milango mitatu, wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika. Kitabu hicho mtakiandika nyie. Andikeni ukweli. Hakuna atakayesoma ila mimi."

Wenzake kumi na tisa walikuwa na akili zao. Mmoja aliandika habari za bibi wa Kizungu aliyemwambia asante. Mwingine aliandika kwamba damu ya watu wote ni nyekundu. Watatu waliandika faida za kunawa mikono. Kokushubila peke yake ndiye aliyeandika ukweli, na sasa ukweli ule ulikuwa umelala mezani pa Mzungu.

"Hili," Sista alisema akiliinua daftari, "ndilo nililokuwa nikilitafuta. Ijumaa nitalisoma hapa mbele yenu, tujifunze. Nimemwalika Metroni aje asikilize. Mwenye daftari asiogope, jina lake sitalitaja."

Darasa lilipotoka, Kokushubila alibaki. Alikwenda mpaka mezani.

"Sista, naomba nilichukue nikasahihishe. Lina makosa mengi."

"Makosa yake ndiyo yanayolifanya liwe lako."

"Kuna mtu mwingine ndani yake, Sista."

"Yule mama? Jina lake nimelitoa. Nitasema mfagiaji tu."

"Mfagiaji wa Kiafrika anayeingia wodi ile mchana ni mmoja tu."

Sista Ashby alimtazama kwa huruma, na huruma yake haikuwa ya kuigiza. "Kokushubila, mtu akisikia habari za mtoto yule, atakumbuka kuuliza habari za ndoo? Metroni ana moyo kama mimi na wewe. Niamini."

Kokushubila akaitikia ndiyo, Sista. Kwa miaka miwili na nusu hakuwahi kuitikia jambo lingine katika chumba kile.

*

Kosa lake lilitoka mbali kidogo, kwa masista wa misheni kule Bukoba waliomlea. Wale walimfundisha kuungama. Si kuungama ovyo ovyo, bali kwa utaratibu: dhambi ipi, wapi, mara ngapi, na nani. Mtoto akisahau "mara ngapi", Padre alimrudisha nje akahesabu upya. Basi Sista Ashby aliposema andikeni ukweli, hakuna atakayesoma ila mimi, binti wa watu alisikia sauti ya kule kanisani. Akakaa akaandika kama anayeungama. Akajaza wapi, akajaza mara ngapi. Na alipofika kwenye "na nani" kalamu haikusita, akaandika: Bi Mauwa, mfagiaji, anakaa Mtoni.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miezi ya joto kali, watoto wa degedege huletwa wodi ya Waafrika mmoja baada ya mwingine, mwili unawaka, macho yamegeuka. Wanatakiwa wapozwe upesi. Maji ya bomba ya wodi ile saa nane mchana ni ya moto, kwa sababu bomba limepita juu ya ardhi palipo jua tupu. Barafu ilikuwako hospitalini, lakini katika friji moja tu, lililokuwa wodi ya Wazungu, na kazi yake ilikuwa ni kupoza vinywaji vyao. Bi Mauwa alikuwa akideki wodi ile baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wakiwa wamelala. Siku moja alimwona Kokushubila analia juu ya kitoto cha mwaka mmoja. Aligeuka akaondoka. Alirudi baada ya dakika kumi na ndoo yake ya kudekia imefunikwa dekio, na chini ya dekio kulikuwa na barafu.

Ikawa mara nne. Watoto wanne wakarudi makwao. Mara ya tano Bi Mauwa hakuwapo, alikwenda kuzika Kilwa. Mtoto aliitwa Albano, alikuwa na miaka minne, na joto lake lilifika digrii mia na sita za Farenhaiti. Kokushubila alikwenda mwenyewe kwenye mlango wa Wazungu akaomba barafu, akaambiwa asimame nje, kisha akaambiwa arudi wodini kwake akaandike ombi lipitie kwa mkubwa wake. Aliandika. Albano alikufa saa kumi ombi likiwa bado liko mezani kwa mkubwa wake.

Hayo yote yalikuwa ndani ya daftari.

*

Nyumba waliyokaa Temeke ilikuwa ya serikali, vyumba viwili na jiko, na alipewa kaka yake Gaudens kwa sababu ya ukarani. Bweni la manesi lilikuwa bado halijaisha kujengwa, hivyo wanafunzi wenye ndugu mjini walilala kwa ndugu zao. Jioni ile Gaudens alikuwa akila ndizi na maharage, chakula cha kwao ambacho mkewe Benedicta alikihangaikia kukipata mji huu wa wali. Kokushubila alimwambia akiwa hajamaliza kula. Angengoja amalize, asingethubutu tena.

Gaudens aliacha kula. Akainuka, akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na upepo na ndani mlikuwa kama tanuri.

"Rudia," alisema. "Umeandika nini?"

Akarudia.

"Umemwandikia Mzungu kwamba Wazungu wamemnyima mtoto barafu akafa."

"Niliandika yaliyotokea, kaka. Alisema tuandike ukweli."

"Na wewe ukaandika. Mungu wangu." Alikaa chini. "Koku, unaujua waraka uliopita maofisini? Mtumishi wa serikali haruhusiwi siasa. Wiki iliyopita Alfonsi wa ofisi yetu kaitwa na kuulizwa kwa nini alionekana amesimama karibu na watu wa chama. Kusimama tu. Wewe umeandika, na mwandiko ni wako. Wakiuliza msichana huyu anafundishwa wapi maneno haya, watakuja wapi? Watakuja hapa. Nyumba si yetu hii."

Benedicta alikuwa mlangoni na mwanawe mgongoni. "Wifi," alisema kwa upole, "bado wiki sita ufanye mtihani. Huoni hata huruma kwa miaka yako?"

"Najiogopea, wifi. Lakini namwogopea zaidi Bi Mauwa. Mie nikifukuzwa nina nyie. Yeye ana wajukuu wawili, wanamwangalia yeye tu."

Gaudens aliteremsha sauti, na hakumtazama dadaye usoni. "Sikiliza. Wakikuuliza, sema yule mama alileta barafu mwenyewe. Wewe hukujua imetoka wapi. Ulidhani imenunuliwa."

"Kaka."

"Nimesema wakikuuliza."

"Itakuwa nimemwuza."

"Umekwisha kumwuza," Gaudens alisema. "Sasa tunatafuta namna ya wewe kutouzwa pamoja naye."

Maneno yale yalimwingia kwa kuwa yalikuwa kweli. Gaudens hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyemlipia nauli ya meli kuvuka ziwa na ya gari moshi mpaka Dar es Salaam, na kila mwezi alimnunulia soksi nyeupe kabla ya kujinunulia tumbaku. Lakini hofu ikiingia nyumbani huwa haiulizi nani mwema. Ndizi zilipoa, hakuna aliyezigusa, na Benedicta akazirudisha jikoni bila kuuliza.

*

Alhamisi alimkuta Bi Mauwa nyuma ya wodi, anapokamulia madekio. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, aliyewahi kuvaa ndonya, pambo la mdomo la Kimakonde lililoacha tundu juu ya mdomo, na aliposema maneno yalikuwa na kijimluzi.

"Shikamoo Bi Mauwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona sura imekushuka hivyo? Umegombana na mchumba?"

Kokushubila alikuwa amepanga maneno njia nzima toka Temeke. Yote yalimtoka, akabaki na yale mabaya. "Nimeandika habari za barafu. Kesho zitasomwa mbele ya Metroni."

Bi Mauwa aliendelea kukamua. Maji machafu yalichuruzika kwenye vidole vyake.

"Na jina langu?"

"Nililiandika. Sista amelitoa, lakini atasema mfagiaji."

"Basi hajalitoa." Alitundika dekio kwenye kamba, akalinyoosha mikunjo kama nguo ya kuvaliwa. "Umesema mara ngapi?"

"Mara nne."

"Zilikuwa tisa. Nyingine nilimpelekea yule nesi wa zamu nyingine." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kumbe hata uongo umo."

"Nisamehe mama."

"Nikusamehe nini, na mie ndo sijajua watanifanya nini. Wataniitia polisi?"

"Sijui."

"Mie polisi siwawezi, mwanangu. Marehemu mume wangu walimchukua kwa sababu ya kodi ya kichwa, alirudi hali wala hasemi. Mie siwawezi kabisa." Alifuta mikono yake kwenye khanga. "Kesho nisije?"

"Usipokuja watajua ni wewe."

"Na nikija?"

Walisimama pale, mmoja na sare yake nyeupe iliyopigwa pasi, mwenzake na gauni la kaniki la wafagiaji, hadi kengele ya dawa ikalia na kila mmoja akaenda anakotakiwa. Siku nzima Kokushubila alipima watu joto na kuandika namba, na alasiri msimamizi alimgundua amemwandikia kikongwe mmoja digrii za mgonjwa wa kitanda cha jirani.

*

Ijumaa Metroni alikuja na kiti chake mwenyewe, amebebewa na mtumishi. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekaa nchi hii miaka kumi na minane, na Kiswahili chake cha kuamrisha kilikuwa kizuri kupita cha karani yeyote. Alikaa ubavuni, akaweka mikono mapajani, akasema, "Tafadhali, Miss Ashby."

Sista Ashby alisoma vizuri. Huo ndio ubaya wenyewe, alisoma vizuri mno. Mahali ambapo Kokushubila alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha kubabaisha, sauti ya Sista ilisita kidogo na maneno yakapata uzito. Wanafunzi walitazama madawati, na hakuna aliyethubutu kumtazama Kokushubila, jambo ambalo lilikuwa sawasawa na kumnyooshea kidole. Ilipofika ndoo, na dekio, na barafu chini ya dekio, alishika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili. Ilipofika Albano, Sista alisimama akavuta pumzi, macho yamelowa. Kisha akamaliza, akafunga daftari, akamtazama Metroni kwa matumaini.

Metroni hakuwa akilia.

"Mfagiaji gani?" aliuliza.

Sista hakuelewa. "Samahani?"

"Mtumishi wa wodi yangu anafungua friji la wagonjwa wangu, anatia barafu katika ndoo ya maji machafu, anaipitisha uwanjani mchana. Nauliza ni mfagiaji gani. Wanaoingia mle ni watatu, na wawili ni wanaume." Akageuka mlangoni kwa mtumishi wake. "Kamwite yule mama wa Kimakonde."

"Lakini Metroni," Sista Ashby alisema, "hiki ni chombo cha kufundishia. Mwandishi aliniamini. Habari yenyewe ni ya mtoto."

"Habari yenyewe ni ya wizi, na ya uchafu. Kama ni kweli."

Maneno yale matatu ya mwisho Kokushubila aliyasikia peke yake, yametengana na mengine. Kama ni kweli. Mtumishi alikuwa tayari amefika kizingitini. Kule uwanjani, kupitia dirishani, alimwona Bi Mauwa amesimama na fagio kando ya karo, amegeukia jengo lao, hafagii. Alikuwa akisubiri kuitwa. Kokushubila akasimama.

"Si kweli, Metroni. Daftari ni langu. Nilitunga."

Metroni akainua mkono, mtumishi akasita. "Ulitunga?"

"Ndiyo, Metroni. Tuliambiwa tuandike jambo. Mie sikuwa na jambo. Nikatunga ili nipate maksi."

"Hakuna mfagiaji aliyechukua barafu?"

"Hakuna."

"Hukuja mlangoni kwangu kuomba?"

"Sikuja, Metroni."

Sista Ashby alikuwa amegeuka rangi. "Kokushubila," alisema polepole, "usiogope. Sema lililo kweli. Na mtoto? Albano?"

Hili hakulitazamia. Alikuwa amefikiri uongo ni mmoja, utatoka mara moja umalizike, kama jino. Alimwona Albano na kaptura yake ya kaki iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Alimwona mama yake, Margareta, aliyemshukuru. Ndiyo, mama yule alimshukuru yeye, akamshika mikono yote miwili akasema Mungu akulipe, umejitahidi. Daftari lilikuwa mahali pekee ambapo mtu alikuwa ameandika kwa nini mtoto yule alikufa. Kwenye kadi iliandikwa "malaria" basi.

"Hakuwako," Kokushubila alisema.

"Hakuwako?"

"Hapakuwa na mtoto, Sista."

Metroni alijiinua kitini. Hakuonekana kukasirika sana, alionekana kama mtu aliyepata jibu la hesabu alilolijua toka mwanzo. "Nilikuambia, Miss Ashby, wiki ya kwanza ulipofika. Wanakupa unachotaka kusikia." Akamgeukia Kokushubila, na sasa akasema Kiswahili, ili asikose kuelewa. "Wewe hutafanya mtihani mwaka huu. Utarudia mwaka mzima. Nesi mwongo anaua watu." Akaondoka, na kiti chake kikamfuata.

*

Sista Ashby aliwaruhusu wengine, akabaki na Kokushubila. Alichana moja moja karatasi zake mwenyewe za maelezo ya somo, akazikunja na kuzitia mfukoni.

"Nilimlilia mtoto yule," alisema. "Nilimwandikia mama yangu habari zake. Unajua umenifanya nini?"

"Samahani, Sista."

"Niliwaambia wote kwamba mkiaminiwa mtasema kweli." Akamrudishia daftari. "Jumatatu utaniletea nyingine. Fupi tu. Na safari hii iwe jambo lililotokea."

Kokushubila alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini dirishani Bi Mauwa alikuwa ameanza tena kufagia, fagio linakwenda kwa haraka haraka ya mtu aliyekuwa amezuia pumzi, na yeye akasema ndiyo, Sista.

Jioni Gaudens alisikiliza habari zote, akafungua dirisha. Alimwambia mwaka mmoja si kitu, atamlipia. Alimwambia ameiokoa nyumba. Benedicta akamtengea kipande kikubwa cha samaki, na mtoto akapandishwa mapajani kwa shangazi yake kama siku ya sikukuu. Kokushubila alikula, kwa sababu kutokula kungekuwa matusi.

Jumamosi aliporudi zamu, fundi alikuwa wodi ya Wazungu tangu asubuhi. Metroni hakuwa mtu wa kubahatisha. Iwe kweli, iwe uongo, aliona heri friji litiwe kufuli, na ufunguo ukae kwake. Bi Mauwa ndiye aliyemletea habari, amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Wametia kufuli," alisema. "Kubwa, la ghala."

Saa nane na nusu aliletwa mtoto wa kike, amefunikwa khanga, mwili unaruka. Kokushubila alimlaza, akampima, akaenda bombani na beseni. Maji yalitoka ya moto. Aliyaacha yatiririke, akahesabu hadi mia mbili, yakawa ya uvuguvugu, hayakupungua zaidi ya hapo. Akachovya kitambaa, akarudi nacho.

"Anaitwa nani?" alimwuliza mama yake.

"Tumeshamwandikisha pale mlangoni, Sista."

"Najua. Niambie mimi."

"Yuliana."

Kokushubila alimwekea Yuliana kitambaa kile kipajini, akakishika pale kwa kiganja chake mpaka kikapata moto, akakigeuza upande wa pili.